Tundu la Chaji Limekufa, Unaambiwa Ubadilishe Bodi Nzima: Njia Ipi Ina Nafuu?

Mwezi uliopita mwalimu mmoja wa sekondari aliniwekea mezani laptopu ya Lenovo, ThinkPad T480, isiyoingiza chaji, pamoja na majibu matatu aliyokwisha kuyapata. Kituo kimoja cha huduma kilimwandikia makadirio ya kubadilisha bodi kuu, bei ikikaribia ile ya T480 nyingine ya mtumba. Fundi mwingine alimtumia ujumbe wa WhatsApp: "Ilete nikuchomelee, saa mbili tu." Shemeji yake akamwambia aiuze kwa wanaonunua mashine za spea. "Fundi," akaniuliza, "hivi wote hawa wanaongelea mashine moja?"

Walikuwa wanaongelea moja. Tundu la USB-C, ndilo la kuingizia chaji, ni dogo kuliko punje ya harage, lakini kwenye T480 limelehemiwa juu ya bodi kuu, na kwenye orodha ya vipuri ya mtengenezaji hutalikuta likiuzwa peke yake. Utakuta bodi, ikiwa na prosesa yake. Yule wa kituo cha huduma hakuwa mwizi. Alisoma orodha akaandika alichokiona. Yule wa saa mbili aliliwazia tundu peke yake, asijali limekaa juu ya nini. Na shemeji, kama mashemeji wengi, alitoa hukumu bila kufungua mfuniko.

Kwa hiyo ukiambiwa kitu kidogo kimeua kitu kikubwa, mbele yako kuna njia nne. Unaweza kubadilisha kizima, yaani bodi, kasha au kioo chote kutoka kwa muuzaji wa vipuri. Unaweza kutengeneza kile kipande chenyewe. Unaweza kuchukua kizima kutoka mashine iliyokufa kwa ugonjwa mwingine. Sisi mezani tunasema kuchinja. Au unaacha, unanunua nyingine. Hakuna njia iliyo bora siku zote, na ndiyo maana nitazilinganisha ubovu kwa ubovu.

Tundu la chaji: bodi au lehemu?

Kabla ya yote hakikisha tundu limekufa kweli. Zima mashine, chukua kijiti cha meno cha mbao (sindano usiiguse), uchokonoe ndani taratibu. Nimetoa pamba za mfukoni zilizoshikana kama udongo, na mashine ikapona bila bisibisi. Jaribu chaja nyingine yenye wati zinazotosha, kwani chaja ya simu inaweza kukupa jibu la uongo. Kama mashine ina matundu mawili ya USB-C yanayopokea chaji, kama T480, jaribu la pili.

ThinkPad za miaka ya 2017 hadi 2019 zina jambo lao jingine. Nyingi kati yake zilitoka na programu ya ndani ya Thunderbolt (mfumo unaopitia tundu hilo la USB-C) yenye kasoro, na kasoro hiyo inaweza kulifanya tundu lionekane limekufa wakati halijavunjika popote. Lenovo walitoa sasisho la kurekebisha mwaka 2019. Mashine ya mtumba iliyotoka ofisini huko nje mara nyingi haijawahi kuwekewa sasisho hilo. Anayekwambia "bodi imekufa" bila kuuliza hilo bado hajamaliza kupima.

Tuseme sasa umejaribu yote na tundu limevunjika. Linganisha kwanza aina ya tundu. Kwenye mashine za zamani kidogo kama ThinkPad T430 au Dell Latitude E6430, tundu lina waya wake mfupi unaochomekwa kwenye bodi. Hata ukilazimika kufungua mashine yote, hakuna moto unaowashwa: unachomoa la zamani, unachomeka jipya, kwa bei ya chipsi kuku wa watu wawili. Hapo anayekutajia bodi mkimbie. Na usidhani mashine za bei kubwa ndizo mbaya kwa hili. MacBook Air ya M1 ya mwaka 2020, ambayo ina vingi visivyotengenezeka, matundu yake ya USB-C yamekaa kwenye bodi ndogo ya pembeni inayobadilishwa peke yake bila kugusa bodi kuu.

Ugumu uko kwenye tundu lililolehemiwa. Hapo mimi hutazama kitu kimoja chini ya hadubini: tundu limevunjika wapi? Kama ulimi wa katikati umekatika au pini zimepinda, ila miguu minne ya chuma bado imeshika bodi, lehemu inashinda bila ubishi. Kipande ni cha bei ndogo, na bodi yako inabaki na kila kitu chake. Lakini kama mtoto alikwaa waya na tundu likang'oka pamoja na vipande vya shaba vya bodi, hesabu inabadilika. Fundi itabidi aunge nyaya nyembamba kama nywele, na hata akifanikiwa, tundu litakuwa limeshikwa na gundi kuliko chuma. Hapo bodi iliyochinjwa inaanza kuwa na maana.

Kinachowaharibia watu ni lehemu yenyewe ikifanywa vibaya. Tundu la USB-C lina hadi pini 24, nyingine zimejificha chini ya tumbo lake, na bodi ina tabaka za shaba zinazonyonya joto. Fundi asiyepasha bodi kutoka chini hulazimika kuongeza moto juu, plastiki ya tundu jipya inayeyuka, na akivuta kabla risasi ya lehemu haijalainika anaondoka na shaba. Bodi ikishapita mikono miwili ya namna hiyo, wa tatu analipwa kwa kusafisha makosa ya wenzake. Kwa hiyo usimuulize bei tu. Muulize kama ana hadubini na sahani ya kupashia, na umwombe akuonyeshe bodi aliyofanya jana. Fundi mzuri atafurahi kukuonyesha. Tuna majivuno yetu.

Ukiamua bodi ya kuchinja, nayo ina mitego. Soma namba iliyochapwa kwenye bodi yako: nyingi zilizotengenezwa na Compal huanza na LA-, za Quanta huanza na DA0. Namba ifanane, na prosesa iwe ile ile au unajua kwa nini si ile. Kisha hakikisha bodi haina nenosiri la BIOS (programu ya ndani inayoiwasha mashine) la kampuni iliyokuwa inaimiliki. Bodi kama hiyo huwaka vizuri dukani, shida inaanza siku unapotaka kuingia kwenye mipangilio.

Yule mwalimu ulimi ndio uliokatika. Nikalehemu tundu jipya, na nikamsihi aache kuchaji akiwa ameipakata laptopu kitandani huku chaja inaning'inia.

Bawaba: ubovu mdogo unaokula pesa nyingi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu bawaba zinaleta watu wengi kuliko chochote, na ndizo zinazotengenezwa ovyo kuliko chochote.

Kwenye laptopu nyingi za plastiki, bawaba ya chuma imefungwa kwa skrubu zinazoingia kwenye vinati vidogo vya shaba, na vinati hivyo vimezamishwa kwenye plastiki kwa joto tu. Miaka miwili mitatu ikipita, grisi ya bawaba inakauka na inakuwa ngumu. Wewe unafungua kioo kwa kushika kona moja, nguvu yote inaenda upande mmoja, na kinati kinang'oka na plastiki yake. Siku ya kwanza unasikia "ka". Wiki ya pili fremu ya kioo imeachana na mgongo wake. Mwezi wa pili laptopu inaegemezwa ukutani kama picha ya babu.

Kilichovunjika ni plastiki yenye ukubwa wa tembe ya dawa. Jibu la orodha ya vipuri ni kasha zima la chini, au mgongo mzima wa kioo, au vyote viwili.

Kasha jipya linarudisha mashine kama ilivyotoka kiwandani, likiwa na udhaifu ule ule, maana vinati ni vile vile na plastiki ni ile ile. Ukilifunga bila kulegeza bawaba, utarudi. Pia ni kazi ndefu: kila kitu kinahama, bodi, spika, feni, nyaya za antena. Kwa mashine ambayo ina miaka miwili na kasha lake linapatikana kwa bei ya kawaida, hii ndiyo njia safi.

Gundi ya kuchanganya, ile ya mirija miwili, ikitumiwa kwa adabu inadumu kuliko watu wanavyodhani. Adabu ni hii: plastiki inakwaruzwa kwa msasa, vumbi linafutwa kwa spiriti, kinati kinarudishwa mahali pake kikiwa na skrubu yake ili kisielekee upande, gundi inamwagwa kuzunguka hadi ijenge kilima kidogo, kisha mashine inalala saa 24 bila kufunguliwa. Fundi anayekurudishia baada ya nusu saa ametumia supaglu. Supaglu ni ngumu na haina mnyumbuko, itapasuka. Tena nimeona imetiririka ndani ya bawaba yenyewe ikaigandisha kabisa.

Njia ya tatu ni kutoboa mgongo na kupitisha boliti hadi upande wa pili. Mbaya kwa macho, kichwa cha boliti kinaonekana, na wateja wa ofisini hawaitaki. Mimi binafsi naipenda. Kijana mmoja wa chuo alikuja na HP ya plastiki iliyokwisha kugundishwa mara tatu. Tulipitisha boliti mbili za milimita 2 na washa zake, na ameimalizia shahada.

Njia yoyote utakayochagua, kwanza bawaba ilegezwe. Nyingi zina nati ndogo mwishoni; robo ya mzunguko inatosha. Na usiendelee kuitumia mashine ikiwa bawaba imeachia. Kebo ya kioo na nyaya za antena za Wi-Fi hupita hapo hapo, na chuma kilicholegea huzikata taratibu. Ndivyo kinati cha shaba kinavyogeuka kuwa gharama ya kioo.

Kibodi: herufi moja, kasha zima

Mfano mashuhuri ni wa Apple. Kuanzia MacBook ya inchi 12 ya mwaka 2015, kisha MacBook Pro za 2016 hadi 2019, walitumia vitufe vyembamba vya muundo wa kipepeo ambavyo chembe ya vumbi iliweza kuvikwamisha. Kibodi yenyewe ilikuwa imepigwa ribiti kwenye kasha la juu, na betri imegundishwa kwenye kasha hilo hilo. Kwa hiyo herufi moja ikifa, kipuri ni kasha la juu lenye kibodi na betri. Mwezi Juni 2018 Apple walianza kuzitengeneza bure kwa miaka 4 tangu mashine iuzwe mara ya kwanza, mwishoni mwa 2019 wakaanza kurudi kwenye vitufe vya kawaida, na mwaka 2022 walikubali kulipa dola milioni 50 kumaliza kesi ya wateja huko Marekani.

Hayo yote hayamsaidii anayenunua MacBook Pro ya 2017 leo pale Kariakoo au Luthuli, Nairobi. Muda umekwisha. Anabaki na chaguo lake: kasha zima, au kuishi na kibodi ya nje.

Na hapa nitasema kitu ambacho mafundi wenzangu hawatakipenda: kwa mashine hizi, kizima mara nyingine ndicho nafuu. Mashine ya umri huo betri yake nayo inakaribia kuchoka. Ukipata kasha lenye betri nzima, umetatua mawili kwa kazi moja, na betri ile ilivyogundishwa kuitoa peke yake ni kazi ya jasho. Lakini kama betri bado inakaa na chaji, puliza hewa, tumia kibodi ya USB, weka pesa yako.

Kwa laptopu za kawaida za plastiki, kibodi imeshikwa na vipini vingi vya plastiki vilivyoyeyushwa vichwa. Dukani utaambiwa kasha la juu. Fundi mvumilivu anavikata vyote, anaweka kibodi peke yake, anaviyeyusha tena au anaviwekea gundi. Inafanya kazi, ila katikati huwa inabonyea kidogo ukiandika kwa nguvu. Mwenye kuandika kutwa nzima achukue kasha. Wa kuangalia barua pepe na filamu achukue kibodi. Kwenye T430 unafungua skrubu 2 tu chini, kibodi inatoka. Ndiyo maana mashine ya mwaka 2012 bado iko mezani kwangu inafanya kazi.

Kitufe kimoja kilichong'oka kofia yake si ubovu wa kibodi. Kofia na kile kijimkasi chake vinachukuliwa kwenye kibodi iliyokufa ya aina ile ile. Chai ya maziwa yenye sukari ikimwagika ni habari nyingine, hapo usihangaike na vitufe kabla bodi haijafunguliwa na kusafishwa.

Kioo

Laptopu nyingi za kawaida, paneli ya kioo inatoka peke yake. Geuza, soma namba iliyo mgongoni, angalia kebo ni ya pini 30 au 40, nunua inayofanana. Ukiona unalazimishwa kununua mfuniko mzima na mashine yako haina mguso wala kioo kilichogundishwa, uliza mara ya pili.

Kwa zilizogundishwa hakuna ujanja mwingi. MacBook Pro za 2016 zilikuwa na kebo nyembamba ya taa za kioo iliyozungushwa kwenye bawaba, ikachoka kwa kufunguliwa na kufungwa. Unaanza kuona madoa ya mwanga chini ya kioo kama taa za jukwaani, kisha kioo kinazima ukifungua zaidi ya pembe fulani. Kebo ile ilikuwa sehemu ya kioo chenyewe, kwa hiyo kipuri ni kioo kizima. iFixit, tovuti ya mambo ya matengenezo, waliandika Januari 2019 kwamba tatizo la dola 6 limekuwa balaa la dola 600. Mashine za 2018 zilikuja na kebo ndefu zaidi kwa milimita 2 hivi, na Mei 2019 Apple wakakubali kutengeneza bure zile za inchi 13 za mwaka 2016. Kwa mtumba: kama dalili ni ya pembe tu, watu wengi huishi nayo kwa kutofungua kioo sana, au wanaifanya kuwa kompyuta ya mezani yenye skrini ya nje. Mimi ningefanya hivyo kabla ya kununua kioo.

Kilicho ndani ya bodi kina bei gani?

Hili watu hulikumbuka mwishoni, na lingepaswa kuwa la kwanza. Ukibadilisha bodi, je, mafaili yako yanabaki?

Kwenye mashine yenye diski inayochomoka, ndiyo, yanabaki. Ila Windows 11 nyingi huwa zimefunga diski kwa BitLocker hata mwenyewe hujui, na ikiona bodi mpya itakudai ufunguo wa tarakimu 48. Utafute kwenye akaunti yako ya Microsoft kabla mashine haijafunguliwa. Kwenye MacBook za kuanzia 2018 zenye chipu ya T2, na za M1 na kuendelea, hifadhi imefungamana na chipu ya bodi ile ile. Bodi ikitupwa, data imetupwa. Kama tasnifu yako imo humo na hukuweka nakala popote, kubadilisha bodi hakupo tena kwenye orodha. Unamtafuta fundi wa lehemu wa kuiamsha bodi ya zamani hata kwa saa moja, unyonye mafaili, ndipo mjadiliane mengine.

Ramu iliyolehemiwa ina kisa kama hicho. Chipu moja ikiharibika, bodi nzima inakataa kuwaka, na kuibadilisha kunahitaji mkono usiotetemeka. Yenye nafasi ya kuchomeka, unachomoa kijiti unaweka kingine kabla maji ya chai hayajachemka.

Lini uache

Kipimo changu ni nusu. Matengenezo yakizidi nusu ya bei ya mashine kama hiyo ya mtumba inayofanya kazi, naacha, isipokuwa data imo ndani au mwenye mashine anaipenda kwa sababu zake. Mashine iliyoachwa haitupwi: kioo, ramu, diski na kibodi zake zinauzika, na hapo shemeji wa mwalimu alikuwa na hoja.

Ukienda kununua nyingine, omba kuchomeka chaja na kuitikisa taratibu ukiangalia taa. Fungua kioo hadi mwisho kwa kushika katikati, usikilize bawaba, utazame kona za chini kama fremu inaachana. Bonyeza kila kitufe. Uliza kama ramu na diski vinachomoka, na kama tundu la chaji lina waya wake au limelehemiwa. Muuzaji akiwa hajui, mwombe afungue mfuniko wa chini, ni skrubu chache. Zipo laptopu za Framework, zilizoanza kuuzwa 2021, ambazo matundu yake yanachomolewa kwa vidole kama flashi, lakini hapa mezani kwangu haijawahi kufika hata moja. Kwa tulio huku, Latitude au ThinkPad ya ofisini yenye tundu la duara, au yenye matundu mawili ya chaji, ndiyo ninayomshauri mdogo wangu anunue.